Jicho Langu la Kulia na Mnara wa Saba

Jumatano, 20 Septemba

Nimerudi kutoka hospitali ya mjini. Mtoto wa jicho — la kulia amekomaa, la kushoto ndiyo kwanza anaanza. Naandika kwa kalamu nene, ile ya kuwekea alama kwenye mbao, vinginevyo mistari inapandana.

Daktari Lindroos, mwanamke mwembamba kama ufito, anasema miaka hamsini na minane ni mapema kidogo. Sukari imechangia. Na miaka yote ile ya kuchomelea vyuma bila miwani. Nikamwambia nilikuwa nachomelea nimefumba macho, kwa kusikiliza tu. Hakucheka. Amesoma miaka ishirini huyo. Mimi saba, lakini ukijumlisha miaka ya kiwandani nimempita.

Nikamwambia anilaze usingizi, niamke naona. Hapana. Sababu moyo. Ule wa Machi mwaka jana, nilipoanguka nikiondoa theluji juu ya paa. (Kijiji kizima kinajua nilitembea mwenyewe hadi kwenye ambulensi, nikamfungulia dereva mlango. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, au karibu hivyo.) Nina vyuma viwili vidogo ndani ya mishipa, na moyo unafanya nusu ya kazi. Usingizi wa dawa unaweza kuuzima. Basi sindano nyuma ya jicho? Hapana tena — nameza dawa ya kuzuia damu kuganda, sindano ikigusa mshipa jicho litajaa damu, na dawa yenyewe nisithubutu kuiacha hata siku moja.

Kwa hiyo matone. Matone ya ganzi, basi. Nitakuwa macho, nimelala chali, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu la jicho. Nisikohoe. Nisitikisike. Robo saa.

"Utaona mwanga na rangi," kasema. "Kisu hutakiona."

Nikamweleza kwamba mimi nimewahi kukaa saa sita ndani ya tangi la kiwanda cha karatasi, kifuniko kimekwama, nikiimba nyimbo za kanisani sauti ya pili. Akasema basi kwangu hii itakuwa rahisi.

Ndiyo. Rahisi.


Jumapili, 24 Septemba

Msako wa hirvi, yule mnyama mkubwa wa msituni mwenye pembe pana, unaanza tarehe 14 Oktoba, Jumamosi. Mwaka jana wote walikuwa msituni, mimi niko kwenye kibanda cha wawindaji nakoroga sufuria. Kalervo ndiye mkuu wa msako, ana ng'ombe sitini na maneno machache. Alisema, "Moyo wako, Taisto. Mwaka huu kaa na supu." Miaka thelathini nimekaa na bunduki juu ya Mnara wa Saba! Hirvi niliyempiga mwaka ule wa baridi kali alikuwa mzito kuliko ng'ombe wawili wa Kalervo, pembe tulizigeuza ngazi. Halafu nikamenye karoti.

Oiva, mwindaji mwenzangu wa mnara wa jirani, alikula sahani tatu akasema ndiyo mara ya kwanza Taisto kutoa kitu kisichotiwa chumvi nyingi.

Mwaka huu narudi mnarani. Jicho kwanza. Jumatano.


Jumatano, 27 Septemba

Niandike tu. Hakuna atakayesoma.

Venla alinipeleka kwa gari lake. Huyu ni binti wa dada yangu, dada yuko Uswidi siku nyingi, binti kabaki hapa na mimi na mbwa wake Halla. Njiani akasema, "Mjomba, ukiogopa mbane nesi mkono. Wamezoea." Nikamwambia atakayebanwa ni nesi, mimi nitamsimulia hadithi.

Nesi ni Hilkka, mikono ya moto kama mkate uliotoka jikoni. Matone. Matone tena. Matone ya tatu, jicho likafa, nikaligusa kama jicho la samaki. Kidoleni wakanibana kitu, kifuani wakanibandika waya, mashine ikaanza — pip, pip. Huyo ni wewe, kasema Hilkka. Vizuri, nikasema.

Kisha wakanilaza. Kitanda wamekiinua kidogo upande wa kichwa, lakini nyumbani mimi nalalia mito mitatu. Kifua kikawa kama kuna mtu kakaa juu yake. Kisha kitambaa. Kinabandikwa kuzunguka jicho, kinashuka puani, mdomoni, kidevuni. Chini yake kuna mrija wa hewa, unapuliza, hewa ipo. Najua ipo. Lakini pumzi yangu mwenyewe inanirudia usoni, ya moto, na inanuka chuma.

Tangi lilinuka hivyo hivyo.

Kwenye hadithi ni saa sita. Ni dakika arobaini. Sikuimba. Nililia, nikapiga chuma kwa nyundo hadi mkono ukavimba, na waliponitoa nilikuwa nimejikojolea, na msimamizi akanipa suruali yake, akafa bila kumwambia mtu. Mtu mwema sana yule.

Daktari akasema, "Taisto, naanza sasa, angalia mwanga." Mashine ikasema pippippip. Nikasikia Hilkka anataja namba, halafu namba kubwa zaidi. Nikasema ngoja. Daktari akasema vuta pumzi polepole. Nikasema ondoa hiki kitu. Nikasema kwa sauti ambayo siijui. Mkono wangu ukapanda wenyewe ukakivua.

Hajakata kitu. Hata tone la damu halijatoka. Daktari alikaa kwenye kiti kidogo chenye magurudumu akanisogelea, akasema moyo haukunisaliti, mapigo yalienda mbio kwa sababu niliogopa, na jicho kwa moyo kama huu haliguswi mapigo yakiwa vile. Tutapanga siku nyingine. Si aibu, kasema. Kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Jicho lilikuwa bado na ganzi, mboni imetanuliwa kama kifungo cha koti. Hilkka akanibandikia kifuniko cha plastiki nisije nikalisugua bila kuhisi. Nikatoka nacho kwenye korido.

Venla akainuka kwenye benchi, akaona kifuniko, akanikumbatia shingoni. Hajanikumbatia hivyo tangu darasa la pili.

"Hongera, mjomba. Iliuma?"

Nikasema haikuuma.

Hilo si uongo.


Alhamisi, 28 Septemba

Dukani. Nilitaka maziwa tu. Kifuniko bado usoni — Venla alisema nisikitoe. Oiva alikuwa kwenye meza ya kahawa na Kalervo. Akaniuliza iliendaje.

Mdomo wangu unajiendesha, nimeugundua zamani. Nikasema mapigo yangu yalitulia hivi kwamba mashine ilizimika ikidhani hakuna mtu. Nikasema daktari alikwama katikati nikamwelekeza, kazi ya mikono ni kazi ya mikono. Nikasema lenzi ni ya Kijerumani, na kwamba naona nywele kwenye mguu wa nzi mita mia.

Kalervo akaniuliza jambo moja tu. "Na bunduki? Haikatazwi baada ya kupasuliwa?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Nilitakiwa kusema ndiyo, mwezi mzima. Nikasema, "Daktari kanipa ruhusa maalumu. Hajawahi kuona kidonda kinachopona hivi."

"Basi Saba ni yako," kasema Kalervo.

Oiva akasema, "Tutaikosa supu, we mzee. Lakini mahirvi wapewe taarifa."

Nikasahau maziwa.


Jumamosi, 30 Septemba

Leo sauna hakuna. Venla amesoma kwenye simu: wiki mbili bila sauna baada ya upasuaji wa jicho, jasho na maji machafu yanaingia kwenye kidonda. Nimesimama uani natazama sauna yangu. Tangu nizaliwe sijakosa sauna ya Jumamosi, ila ile wiki ya moyo.

Sina kidonda. Na siwezi kuoga.

Venla anataka pia kujua matone yangu ya baada ya upasuaji yako wapi. Asubuhi, mchana, jioni, inasema simu. Nimechukua kile kichupa cha matone ya macho makavu, nimekibandua karatasi, nimempa. Anakuja kabla ya kazi na baada ya kazi. "Tazama juu, mjomba." Natazama juu. Ananidondoshea maji ya chumvi kwa uangalifu kana kwamba mimi ni yai.


Jumatatu, 2 Oktoba

Hilkka kapiga simu. Jumatatu tarehe 16 Oktoba, saa tatu asubuhi. Watanipa kidonge kidogo cha kutuliza kabla, si cha usingizi. Kichwa watakiinua zaidi. Kitambaa watakining'iniza juu ya ufito wa chuma kisiniguse pua. "Na mimi nitakushika mkono mwanzo hadi mwisho," kasema. "Ukibana mara moja tunasimama. Hakuna haja ya kukivua."

Nikasema nitafikiria.

Akasema nikiikosa hii narudi mwisho wa foleni, miezi sita. Na kwa sababu ya moyo lazima niwe na mtu wa kunisindikiza na kukaa nami siku hiyo. Dereva wa teksi hahesabiki. "Yule binti aliyekuja nawe si yupo?"

Yupo.

Nimekaa hapa na ramani ya kijiji kichwani. Nyumba kumi na nne. Nani mwingine? Kalervo? Oiva, atangaze mpaka mkoa wa pili? Mchungaji ana gari lakini ana mke, na mke ana simu. Ili nikapasuliwe lazima nimwambie mtu kwamba sijapasuliwa.


Jumamosi, 7 Oktoba

Nimeshindwa. Venla aliniambia yuko mjini mpaka jioni. Nikawasha sauna. Kuni za mbetula kavu, mawe yakaanza kuimba, nikakaa benchi la chini kwa ajili ya moyo, nikamwaga kikombe kimoja tu cha maji. Mvuke ukapanda. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimevuta pumzi yote. Nikafikiri: kitambaa ni mvuke tu. Ni mvuke tu wenye tundu.

Mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Mjomba! Moshi wako unaonekana kutoka barabarani!"

Mtu unaweza kuficha mengi hapa, lakini si moshi wa sauna. Nilitoka na taulo. Amekasirika mpaka masikio yamekuwa mekundu. Nataka kuwa kipofu? Nataka aniuguze? Mama yake akimpigia kutoka Uswidi amwambie nini, kwamba kaka yake kaoza jicho kwa ajili ya joto la nusu saa?

Nikasema mtu wa moyo anahitaji joto.

"Mtu wa moyo anahitaji akili," kasema. Akamwaga ndoo nzima ndani ya jiko. Kuni zangu. Halafu akakaa kwenye ngazi, Halla kaweka kichwa miguuni pake, akasema kwa sauti ya chini kwamba Machi ile alinikuta yeye kwenye theluji. Kwamba nilikuwa wa kijivu. Kwamba sikufungua mlango wowote wa ambulensi.

Nikamwambia najua.

Pale nilikuwa na nafasi tena. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Yakaja mengine. Nikasema lenzi ya Kijerumani imetengenezwa kuvumilia joto la digrii mia na hamsini.

Akanidondoshea matone akaenda.


Alhamisi, 12 Oktoba

Kupima bunduki kwenye shimo la changarawe. Kila mtu risasi tatu, mita mia, kabla ya msako. Desturi ya Kalervo, asiyepima haendi.

Shabaha tano zimepangwa kwenye ukingo. Kwangu ni tano nyeupe ndani ya maziwa. Nilihesabu kutoka kushoto, nikaweka shavu, nikafyatua tatu kwa mpigo mzuri kabisa, nikasimama kama mtu aliyemaliza kazi.

Kalervo kachukua darubini. Kisha Oiva akasema, "Nani kanipigia shabaha yangu? Mimi bado sijafyatua, tayari nina matundu mawili ya katikati."

Walicheka mpaka wakashika magoti. Taisto na mizaha yake! Kalervo akasema mawili ya katikati ni mawili ya katikati, hata kama ni kwa jirani, akaandika kwenye daftari: Saba, sawa. Nami nikainama kama mwigizaji. Nikasema ndiyo, nilitaka kumsaidia Oiva, mwaka jana alikosa hirvi aliyesimama anasoma gazeti.

Kati ya shabaha yangu na ya Oiva kuna mita mbili.

Venla alikuwa pale na Halla. Hakucheka. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama njia ya mnyama kwenye matope.

Jumamosi yeye na Halla ndio watakaopita ndani ya msitu, mbwa anabweka, hirvi anasogea kuelekea kwetu sisi wa minarani. Yeye anakuja nyuma ya mnyama. Anakuja upande wangu.




Ijumaa, 13 Oktoba

Venla kaja na matone. Tazama juu, mjomba. Lakini leo aliwasha taa ya simu, akanimulika jicho kutoka pembeni, polepole. Nilijua anachoona. Nimekiona mwenyewe kwenye kioo — mboni si nyeusi, ni ya kijivu, kama dirisha la sauna wakati wa baridi.

Akazima taa.

"Jicho zuri," kasema.

"Kazi ya Kijerumani," nikasema.

Akafunga kichupa. Akakiweka mezani. Akakizungusha kidogo, pale karatasi ilipobanduliwa. Kisha akauliza kama Jumatatu nina shughuli yoyote mjini, maana yeye ana siku ya mapumziko.

Nikasema sina.

Sijui kwa nini nimesema sina. Alisimama mlangoni muda mrefu anavaa glavu. Glavu zile zile, kidole kwa kidole.


Jumamosi, 14 Oktoba

Mnarani. Saba. Naandika magotini, herufi kubwa, wakati ninasubiri. Nimefika saa moja na nusu, bado kijivu. Sasa kumekucha kabisa, na kwangu bado kijivu. Jua liko mbele yangu chini, kila tawi limewashwa, mwanga umesambaa kama maziwa yaliyomwagika mezani. Jicho la kushoto linanipa miti. La kulia linanipa ukungu.

Asubuhi kwenye kibanda nilisimulia hadithi yangu ya dubu. Walicheka. Kalervo akagawa redio. Njia ya Venla ikabadilishwa kuwa ukingo wa kinamasi, mbali nami. Afadhali, nikawaza.

Dakika kumi zilizopita. Kitu cha kahawia kati ya miti, kikubwa, kimesimama. Mgongo, kichwa kimeinama. Halla alikuwa anabweka upande ule ule. Nikainua bunduki. Nilikuwa na kidole pale. Nilikuwa nimeshavuta pumzi na kuishika. Moyo ukaanza — bila mashine nausikia mwenyewe. Kisha wingu likapita juani, kile kitu kikawa kisiki. Mizizi ya msonobari ulioangushwa na upepo. Upo hapo miaka mitatu sasa. Nimewahi kukaa juu yake nikanywa kahawa.

Nimetoa risasi zote. Ziko mfukoni.

Redio. Kalervo: "Venla, mbona umeacha kinamasi? Hiyo si njia yako."

Venla: "Najua. Nakuja mbele ya Saba."

Kalervo: "Venla, huko ni kwenye mstari wa risasi."

Venla: "Mjomba anaona nywele kwenye mguu wa nzi. Sivyo, mjomba?"

Oiva akacheka kwenye redio. Mtu mwingine pia.

Natazama. Wanasema zile fulana za rangi ya chungwa tunazovaa msituni zinaonekana hata na mtu mlevi. Kijani. Nyeupe. Kijivu. Halla anabweka, karibu, lakini wapi?

"Mjomba. Nimesimama mahali pa wazi. Nimeinua mikono yote miwili. Niko upande gani wa kisiki?"

Hakuna anayecheka sasa.

Kushoto au kulia. Naweza kubahatisha. Nusu kwa nusu. Maisha yangu yote nimebahatisha vibaya zaidi na nikashinda.

"Sina haraka," kasema. "Naweza kusimama hapa mpaka Jumatatu."

Anajua. Anajua mpaka siku yenyewe; Hilkka atakuwa kampigia. Na amekuja kusimama mbele ya bunduki ambayo hajui kama ina risasi.

Nimebonyeza. Nimesema: "Hapa Saba. Bunduki ni tupu. Sikuoni. Sikupasuliwa. Nilitoka kitandani kabla hawajaanza. Niliogopa kitambaa."

Nimeachia.

Redio kumi na moja msitu mzima, na husikii hata mtu kukohoa.

Halafu Kalervo, taratibu: "Saba. Rudia. Hatujakupata vizuri."

Wamenipata. Siku ni tulivu, hata upepo hakuna. Oiva yuko Mnara wa Nane, angenisikia bila redio. Lakini mkuu wa msako akisema rudia unarudia, ndiyo kanuni. Na nikirudia itabidi niendelee, kwamba ni Jumatatu saa tatu, kwamba watu wa moyo hawaruhusiwi kwenda peke yao, kwamba namuomba mtu. Hilo sijawahi kulisema hata kwa nyumba tupu.

Kifua kimebana. Si ile ya Machi. Ni ile ya chini ya kitambaa.

Kalervo tena: "Saba?"

Kalamu naishika mkono wa kushoto, redio wa kulia. Nimebonyeza, nimesema: "Hapa Saba. Narudia."